Sahani za Akika

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefagia. Nyumba isiyo na kitu hufagiwa upesi. Mkeka, masanduku ya nguo, vikombe vya bati, sufuria ya kuazima kwa Mama Zaina wa nyumba ya pili. Mume wangu Swaibu amekunywa chai kasimama kisha akapanda moto kwenda kazini Kacyiru. Moto ndiyo bodaboda ya huku. Siku ya kwanza aliponiambia anakwenda na moto nilimtazama vibaya.

Vitu vyetu vyote viko Masoro, kwenye ghala la forodha. Lori lilitoka Kahama, likavuka mpaka wa Rusumo likiwa na lakiri mlangoni, likaambiwa likafunguliwe Kigali. Sofa, kitanda, friji, vyombo vyangu. Ndoa yangu nzima imepangwa ghalani na mimi nalalia mgongo kwenye saruji.

Swaibu anasema hapa ni kwao. Baba yake ndiye aliyezaliwa hapa. Yeye amekulia Kahama, mtaa mmoja na mimi, na Kinyarwanda chake kinachekwa hadi na muuza maziwa. Lakini kazi ya mabomba ya maji ameipata, na mimi nimefunga saluni yangu nikamfuata. Sikulazimishwa. Naliandika hili nisije nikajidanganya baadaye.

Mchana amepiga simu Innocent, wakala wetu wa forodha. Anasema kuna kaproblemu kadogo. Sipendi mtu anayelipa tatizo jina la utoto.

Jumatano, 6 Agosti

Masoro. Ghala kubwa, baridi, sauti zinarudi. Innocent katupokea getini, kijana mnene, mpole, shati limechomekwa vizuri. Akaniuliza aniite Mama nani. Nikamwambia Mwajuma. Akangoja niongeze. Sikuongeza.

Wamelifungua lori mbele yetu. Afisa ni mwanamke wa rika langu, Madamu Solange, nywele fupi, hana maneno mengi. Amezunguka sofa. Akaligusa. Likalia kwichikwichi, maana lina nailoni yake. Akaenda kwenye godoro: nailoni. Friji: nailoni mlangoni. Rimoti ya TV: nailoni, na mpira umefungwa. Akafungua katoni la vyombo alivyonipa Mama. Sahani zote, mabakuli, birika, ukingo wa dhahabu, kila kimoja kimeviringishwa kama kichanga.

Akaonyesha sofa akasema, "Mama, hii kanape iko mupya. Hizi sahani ziko mupya. Hii si vitu vya nyumba. Iko ya duka."

Nilicheka. Kweli nilicheka. Mtu aliyekuja nyumbani kwangu Kahama hata mara moja angecheka pia. Nailoni haitolewi! Sofa la watu wenye adabu lina nailoni yake. Ukiitoa vumbi linakula kitambaa, watoto wa wageni wanamwaga soda. Nilimweleza hivyo. Akamtazama Innocent, Innocent akatazama viatu vyake.

Sheria yao nimeielewa. Vitu vya mtu anayehama haviguswi na ushuru iwapo vilikuwa vyake na alikuwa akivitumia. Vikiwa vipya, ni bidhaa. Basi wameleta karatasi. Inasema tumekiri kwamba tulijaribu kuingiza bidhaa mpya tukaziita vitu vya nyumbani. Tukisaini, tunalipa, tunachukua, yamekwisha. Tusiposaini vinakaa ghalani, na muda ukipita vinapigwa mnada.

Swaibu alishika kalamu. Nikaitoa mkononi mwake.

Alhamisi, 7 Agosti

Tumegombana. Anasema ni karatasi tu. Mimi nasema karatasi inayoniita mwongo si karatasi tu. Anasema yeye ndiye mwenye jina kwenye fomu. Nikamwambia na atandike jina lake alilalie.

Mgongo unauma.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya swala Mama Zaina amekuja na isombe, kisamvu cha huku. Ameketi mkekani akataka habari, nikampa. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Huku, anasema, nailoni inabaki dukani, mifuko yake ni marufuku, na ukiingia nayo mpakani wanakuvua. Yeye alitoka Bujumbura zamani na viti vyake vya mbao na hakuulizwa kitu.

Kisha akaacha kucheka. "Mwajuma, saini tu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

Methali naijua. Nimeikuta nchini kwangu kabla ya kuikuta kwake. Lakini kuku hakuwahi kuambiwa ajifunge hiyo kamba mwenyewe na aandike kwamba kaipenda.

Swaibu anasema saini. Innocent anasema saini. Mdogo wangu Rehema, kwa simu kutoka Kahama, anasema dada wewe saini ulale kitandani. Basi nimebaki mimi. Na nitabaki.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekwenda Masoro peke yangu. Rehema alinitumia picha za kicheni pati yangu. Katoni lile lile linaonekana vizuri, shangazi anacheza nalo kichwani, Mama pembeni anapiga kigelegele. Sofa lipo kwenye picha za harusi ya Swaibu na mimi, limekaliwa na masheikh, na nailoni yake.

Madamu Solange alizitazama zote. Hakuwa na haraka, nampa haki yake. Akakubali vitu ni vyangu tangu zamani. Akasema sheria inataka mambo mawili, na la pili ni kutumika. "Sofa mumekalia, sawa, pengine. Lakini hizi sahani, Mama. Mumekula ndani yake lini?"

Nilirudisha simu mkobani.

Sikumjibu. Innocent alikuwa pale, na wapagazi wawili, na mtu mwingine mwenye mzigo wake wa matairi. Sikuwa na jibu la kusemwa mbele ya matairi ya watu.

Jibu ni hili, naliandika humu kwa sababu humu hamna mtu. Hatujala. Mama alinikabidhi katoni usiku wa kicheni pati, wanawake wote wakisikia, akasema: hivi ni vya akika ya mwanao wa kwanza, siku hiyo ndiyo utavitoa, usiviguse kabla. Wakapiga vigelegele. Nami nikapiga. Miaka kumi na moja.

Jumatano, 13 Agosti

Nimejua leo, na nimejua kwa Innocent.

Alipiga simu akiwa na furaha. Sauti yenyewe ilinitahadharisha. Akasema mambo yamekuwa mazuri, Bwana Swaibu amekuja asubuhi, ameeleza vizuri sana, Madamu ameguswa, ombi la msamaha wa ushuru limeandikwa, litapita. Akashusha sauti. "Mama, mwihangane. Mungu atawapa."

Mwihangane. Hapa wanalisema mtu akijikwaa, akifiwa, hata akikosa basi. Nilimuuliza Mungu atatupa nini. Akagundua amevuka mstari, akaanza kukohoa.

Kumbe mume wangu amekwenda akasimama katikati ya ghala akawaambia watu mke wake hajazaa. Kwa ajili ya sofa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yangu imekwenda kumwaga maji Masoro.

Alipoingia jioni sikupiga kelele. Nilimuuliza swali moja: ulitumia neno gani? Akasema, nilisema Mungu bado hajatujaalia. Nikamuuliza, ulisema hajatujaalia au hajamjaalia? Akaanza kuvua viatu.

Nimempa mkeka wote. Mimi nimekaa kwenye sanduku.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Wakatoliki, ofisi zimefungwa. Tuko ndani wawili, hatuna kiti, hatuna maneno.

Nina hasira na niziandike kwa zamu.

Kwanza Swaibu. Kwa sababu Mwanza, hospitalini, daktari alisema mbele yetu sote wawili kwamba kwangu hakuona kasoro, na kwamba Swaibu arudi naye apimwe. Hakurudi. Sikumsukuma. Sikumwambia mama yake. Sikumwambia mama yangu. Watu waliponitazama tumbo niliwaacha watazame. Nilimsitiri. Yeye hakuniuliza hata kama nataka kusitiriwa.

Pili Mama. Nampenda. Lakini nani alimpa haki ya kuniwekea sahani zenye masharti?

Tatu mimi. Kila mwaka, mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, nilitandika kanga sakafuni, nikatoa kila kimoja, nikaosha kwa maji ya uvuguvugu, nikakausha, nikaviringisha, nikarudisha. Wageni wakija walikulia melamini. Na mimi nilikulia melamini. Nimeosha sahani za mtu ambaye hajazaliwa, na hakuna siku niliyojiuliza mimi niliyezaliwa nakulia nini.

Siombi radhi kwa yeyote. Sitaki msamaha wa forodha. Msamaha ni wa aliyekosa.

Jumapili, 17 Agosti

Nimemwambia Swaibu alifute ombi. Ni jina lake, ni lazima aende yeye. Nikamwambia sitaingiza kijiko ndani ya nyumba hii kilichopita mpakani kwa kuhurumiwa tumbo langu. Bora viende mnadani. Bora mwenye duka yeyote wa Masoro anywee chai birika la Mama.

Akasema nimechanganyikiwa. Akasema ombi likifutwa hatuna kingine.

Nikamwambia tuna ukweli, kama hajauchoka.

Akatoka. Kazunguka mtaa mpaka magharibi. Akarudi na mikate, akaweka chini, hakusema atafanya nini.

Jumanne, 19 Agosti

Nimetangulia Masoro asubuhi. Swaibu aliondoka na moto yake bila kuniaga, nikadhani ameelekea Kacyiru. Sawa. Nimezoea kwenda peke yangu.

Nilimwambia Madamu Solange wazi: ile karatasi ya kukiri sisaini, na lile ombi silitaki. Akashangaa, nadhani kidogo akakasirika. Alikuwa ametusaidia kwa moyo mweupe. Akasema ombi ni la mume, mke hawezi kulifuta. Innocent alikuwa ananivuta kwa macho ninyamaze.

Nikasema basi nitasimama hapa. Nikasimama. Wapagazi walikuwa wananizunguka na toroli zao wakisema pardon, Mama, pardon. Jua lilipanda. Nilikuwa na njaa na miguu ilivimba kwenye viatu. Nilijiona mpumbavu, lakini sikuondoka.

Swaibu akatokea. Kofia ya moto bado mkononi, dereva wake anamfuata akiidai. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja mezani akasema kwa Kiswahili, kwa sauti, na wale wapagazi wote wapo: "Niliyoyasema Jumatano ni maneno ya nyumbani kwangu. Sikuwa na ruhusa ya kuyatoa. Na sikuyatoa yote. Mwenye kungojewa hospitalini ni mimi, si yeye. Lile ombi naomba nilifute."

 Dereva wa moto akaacha kudai kofia.

Sikumwomba aseme hayo. Nilimwomba afute tu. Nilitaka kulia, nikaona hapana, si hapa.

Madamu Solange akampa karatasi. Swaibu akachora mstari juu ya ombi, akasaini. Basi tukawa hatuna ombi wala kukiri. Innocent alikuwa amejishika kichwa.

Nikasema sasa njoo tukaangalie vitu, mimi na wewe, Madamu, mpaka uridhike. Umeviangalia kwa juu tu. Akaniangalia kwanza. Kisha akamwita mkubwa wake, mzee mmoja mrefu mwenye miwani, anayetamka Kifaransa akimaliza kila sentensi ya Kiswahili.

Tukaanza na sofa. Nikamwambia mzee akae upande wa kulia. Akakaa. Akazama. Pale ndipo anapokaa Swaibu kuangalia mpira, pamebonyea kama alipolala ng'ombe. Nailoni ya hapo imekuwa njano, imeganda na kitambaa, pembeni ina plasta niliyobandika mimi. Mzee alishikwa mkono kuinuliwa. Mpagazi mmoja alicheka kwa pua.

Kisha sahani. Niliitoa ya kwanza mwenyewe nikampa Madamu Solange. Nikamwambia pitisha kidole ukingoni. Dhahabu imefifia, mahali pengine imekwisha kabisa. Akaitoa ya pili, ya tatu, ya chini kabisa. Zote vile vile. Nikamwambia hakuna aliyekula. Nimeziosha kila mwaka tangu niolewe. Nilikuwa nangoja. Kungoja ndiyo kazi niliyozipa, na zimeifanya. Kama hiyo kwenu si kutumika, andika hivyo, lakini andika na kwamba si za duka, maana duka gani linauza sahani zilizochubuka?

Aliigeuza ile sahani chini juu. Mzee alimsemesha kwa Kinyarwanda, naye akajibu neno moja nililolijua. Yego. Ndiyo.

Wameandika: vimetumika.

Halafu mzee akasema, "Lakini nailoni hapana, Mama. Hiyo haiingii Kigali."

Nilifungua mdomo nibishe. Nilibisha. Nikasema ni yangu, imenunuliwa pamoja na sofa, ina umri wa ndoa yangu. Akasema basi irudi Rusumo yenyewe. Hakutabasamu, ila Madamu Solange aligeuka ukutani.

Mpagazi akaja na kisu. Nikakichukua. Hii sitafanyiwa na mtu.

Nilianzia mgongoni. Ilichanika kwa kelele mbaya. Upande wa Swaibu ilibidi niibandue kwa kucha. Chini kitambaa kilikuwa chekundu kuliko nilivyokumbuka, chekundu cha aibu, sikuwahi kukiona sawasawa tangu dukani. Swaibu akauliza kama anisaidie. Nikamwambia godoro ni lako. Akalichana godoro. Tukaenda friji. Ya rimoti niliitoa kwa meno.

Rundo lilifika kiunoni. Wakalisukuma na ufagio.

Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo hata harusini.

Jumatano, 20 Agosti

Vitu vimefika. Mama Zaina amesimama mlangoni akipokea hesabu ya kila kitu kama mjumbe wa nyumba kumi. Akamwambia kila anayepita kwamba sikusaini. Mtaa wetu mzima wa Rwezamenyo sasa unajua sikusaini.

Nimelala kitandani mchana. Sikuamka mpaka adhana.

Jumamosi, 23 Agosti

Swaibu ameniambia atakwenda kupimwa, hapa Kigali, na atakwenda nami au bila mimi nikipenda. Nikamwambia aende kwa ajili yake. Mimi sitaki tena kungoja jibu la mtu. Likija zuri, karibu. Lisipokuja, nina mpango wa kufungua saluni, nimeona chumba karibu na msikiti, kina maji.

Hakukasirika. Aliniuliza bado nina hasira. Nikamwambia ndiyo, kidogo, ziache ziishe zenyewe.

Jumamosi, 30 Agosti

Asubuhi umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Tumefyeka majani kando ya mfereji na watu wa mtaa, mimi na panga la Mama Zaina. Kinyarwanda chao cha mkutanoni sikukielewa, nikapiga makofi walipopiga.

Tumerudi na njaa. Maharage yalikuwa tayari tangu jana. Nikafungua katoni, nikatoa sahani mbili.

Kabla ya kupakua nikampigia Mama. Sikutaka asikie kwa Rehema. Nikamwambia nimezitoa zile sahani, Mama, na akika haipo, na leo tunazilia.

 Nilisikia kuku wake. Nilijiandaa, nilikuwa na maneno yangu yote.

Akauliza tumepika nini.

Nikamwambia maharage.

Akasema maharage yana mchuzi, hayakai kwenye sahani bapa, nitoe zile zenye kina.

Nimezitoa.